Inkisari ya Mshairi na Kosa la Kijana: Uhakiki wa Malalamiko kuhusu Tahajia za Simu na Matamshi ya Mitaani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki malalamiko yanayotolewa mara kwa mara dhidi ya tahajia za simu kama vile *xaxa*, *cjui* na *ucku mwema*, pamoja na matamshi ya mitaani yanayowaudhi baadhi ya wasemaji wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kero anayoipata msomaji si kipimo cha kosa. Mara nyingi kero hupima cheo cha aliyeandika na mahali alipoandikia. Ufupishaji uleule ambao ushairi wa Kiswahili umeupa jina la heshima, yaani inkisari, huitwa uharibifu wa lugha unapofanywa na kijana katika simu. Makala yanatenganisha mambo matatu ambayo walalamikaji huyaweka katika kapu moja: tahajia ya makusudi, matamshi ya mkato na lafudhi ya lugha ya kwanza. Hata hivyo, hayasemi kwamba kila tahajia ni sawa na nyingine. Yanaonesha mahali ambapo hasara ya kweli hutokea, na kupendekeza maswali matatu ambayo mhakiki na mwalimu wanaweza kuyatumia badala ya hasira.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili wa siku hizi hawezi kukwepa kukutana na sentensi ya aina hii, ama katika simu yake ama pembezoni mwa daftari la mwanafunzi: *Mwl cjaelewa xwali la 2, naomba 2onane bdae.* Sentensi hii imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini viungo vyake vyote ni vya kawaida, na mtumiaji yeyote wa simu katika Afrika Mashariki anavifahamu. Mwalimu mmoja ataisoma, ataijibu na kuendelea na shughuli zake. Mwingine ataona kwamba lugha imevunjiwa heshima, naye ataandika kwa wino mwekundu au atalalamika mbele ya wenzake kwamba Kiswahili kinakufa mikononi mwa vijana.

Makala haya yanamchukulia mwalimu huyu wa pili kwa uzito unaostahili. Kero yake si ya kubeza. Anayeudhika kwa kuona lugha imeandikwa ovyo ni mtu anayeipenda lugha hiyo, na jamii isiyo na watu wa namna hiyo ingekuwa maskini. Hata hivyo, upendo si hoja. Malalamiko yanapotolewa hadharani kama hukumu juu ya hali ya lugha, yanapaswa kuhakikiwa kama kauli nyingine yoyote: yanadai nini, yanatumia ushahidi gani, na yanaacha nini bila kusemwa.

Udhaifu wa kwanza wa malalamiko haya ni kuchanganya mambo. Katika kapu moja hutiwa tahajia za makusudi (*xaxa*, *cjui*, *2po*), matamshi ya mkato yaliyohamia katika maandishi (*nko*, *ntakuja*, *ivo*, *apo*), na lafudhi zinazotokana na lugha ya kwanza ya msemaji (*kula* kwa *kura*, *zambi* kwa *dhambi*). Mambo haya matatu yana vyanzo vitatu tofauti. La kwanza ni uamuzi, la pili ni mwendo wa kawaida wa usemaji, na la tatu ni urithi. Anayeyakemea yote kwa sauti moja hawezi kulitibu hata moja.

2.0 Ruhusa ya Mshairi

Utamaduni wa Kiswahili haukuanza jana kushughulika na maneno yaliyokatwa, yaliyorefushwa na yaliyobadilishwa sauti. Nadharia ya ushairi wa kimapokeo ina istilahi zake za mambo hayo. Kufupisha neno ili lisizidishe mizani ni inkisari. Kulirefusha ili litimize mizani ni mazida. Kubadili sauti yake, aghalabu ili kupata kina, ni tabdila. Mshairi anayehitaji silabi tatu ataandika *nambie* mahali pa *niambie*. Anayehitaji silabi moja zaidi ataandika *afiya* mahali pa *afya*, au *enenda* mahali pa *enda*. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* mwaka 1954, mizani na vina viliwekewa kanuni zinazofundishwa shuleni hadi leo. Pamoja na kanuni hizo, mwanafunzi hufundishwa kwamba mshairi ana uhuru wake na kwamba uhuru huo si kosa.

Tuweke sasa ufupishaji wa simu kando ya ufupishaji wa shairi. Anayeandika *ntakuja* ameondoa irabu ya *ni-*, kama anavyofanya mshairi anayebanwa na mizani. Anayeandika *jamaniii* au *sanaaa* amefanya mazida, kwa kuwa amerefusha maandishi ili yabebe urefu wa sauti ya mtu anayesihi au anayesisitiza. Anayeandika *thana* mahali pa *sana* amefanya jambo lililo jirani na tabdila, akiiga sauti ya mtu anayedeka. Kilichomsukuma mshairi ni mizani na kina, na kilichomsukuma kijana ni nafasi, haraka na hisia. Mbinu ni zilezile.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye jalada la riwaya. Shafi Adam Shafi aliipa riwaya yake jina la *Vuta N'kuvute*, iliyochapishwa mwaka 1999. Katika jina hilo, kiambishi *ni-* kimepoteza irabu yake, kama kinavyoipoteza katika usemi wa kila siku wa Unguja na kwingineko. Riwaya hiyo imesomwa, imehakikiwa na kufundishwa, na jina lake halijatajwa kuwa ishara ya kufa kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyeihakiki akiandika katika simu yake *nko njiani*, kwa kudondosha irabu ileile ya kiambishi kilekile, ataambiwa anaharibu lugha.

Mtetezi wa malalamiko anaweza kujibu kwamba kuna tofauti, na jibu lake lina ukweli ndani yake. Katika *N'kuvute*, mwandishi ameweka ritifaa mahali irabu ilipotoka. Alama hiyo ndogo ni adabu kwa msomaji, kwani inamwambia kwamba kitu kimeondolewa hapa, na kwamba mwandishi anajua amekiondoa. Mshairi naye analindwa na umbo la shairi. Kila msomaji anayeona beti zilizopangwa anajua kwamba ameingia mahali penye ruhusa maalumu. Ujumbe wa simu hauna ritifaa wala beti. Lakini una alama nyingine ya mahali, nayo ni simu yenyewe. Anayepokea ujumbe mfupi kutoka kwa rafiki anajua ameingia katika uwanja wa mazungumzo, kama anayefungua diwani anavyojua ameingia katika uwanja wa ushairi. Kwa hiyo, ujumbe huo haumdanganyi msomaji wake. Tatizo huanza unapotoka nje ya uwanja wake, na jambo hili litarejewa katika sehemu ya 6.0.

3.0 Tahajia ya Simu na Silabi ya Kiswahili

Madai ya kwamba vijana huandika hivi kwa sababu hawajui Kiswahili yanaweza kupimwa kwa kuzitazama tahajia zenyewe. Katika *cjui*, herufi *c* inashika nafasi ya *si*, ambayo hapo ni kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya kwanza umoja. Katika *ucku mwema*, *c* ileile inashika nafasi ya *si* ambayo ni sehemu ya mzizi wa nomino. Katika *cc*, yaani *sisi*, inasimama mara mbili katika kiwakilishi cha nafsi. Tarakimu *2* nayo ni kiambishi cha nafsi katika *2naenda* na ni mzizi wa nomino katika *wa2*. Ni wazi kwamba alama hizi haziwakilishi mofimu. Zinawakilisha silabi, na zinafanya hivyo kwa utaratibu usioyumba.

Hilo si jambo dogo. Silabi ndiyo mlango ambao mtoto wa Kiswahili huingilia katika kusoma: *ba, be, bi, bo, bu*. Silabi pia ndiyo kipimo cha mizani ya shairi. Kijana aliyegundua kwamba *si* na *tu* zinaweza kuandikwa kwa alama moja moja, na kwamba alama hizo zinaweza kuwekwa popote silabi hizo zinapotokea, amelichambua neno kwa kipimo ambacho mwalimu wake wa darasa la kwanza na mwalimu wake wa ushairi wote walikitumia.

Kundi la pili ni la maneno yaliyoachiwa konsonanti: *ww*, *mm*, *kbs*, *lkn*, *vp*. Hapa mwandishi anategemea sifa nyingine ya Kiswahili, kwamba silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Konsonanti zikibaki mahali pake, msomaji anaweza kurudisha irabu zilizokosekana. Hakuna anayeandika *aia* akitarajia kueleweka kwamba anasema *kabisa*. Mwandishi ameondoa kile kinachorejesheka na kuacha kile kisichorejesheka.

Sababu ya kiuchumi ya ufupishaji huu inafahamika. Ujumbe mfupi wa simu uliwekewa kikomo cha herufi 160, na aliyevuka kikomo hicho alilipia ujumbe wa pili. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, yambwa na mnyambuliko katika neno moja, na kwa hiyo huwa kirefu. Lakini uchumi hauelezi kila kitu. *Xaxa* ina herufi nne sawa na *sasa*. *Xawa* haikuokoa chochote kutoka *sawa*. Herufi *x* haimo katika alfabeti ya Kiswahili, na ugeni huo ndio unaoifanya ipendwe. Ni pambo na ni beji. Humtambulisha mwandishi kuwa mmoja wa rika fulani, kama kanga na mishono ya nguo inavyotambulisha. Mtu mzima anaposoma *xaxa* na kuudhika, beji imefanya kazi yake, kwa kuwa ilikusudiwa kumwambia kwamba hapa si kwake. Inawezekana basi kwamba sehemu ya kero ni ya mtu aliyefungiwa mlango, kuliko ya mtu aliyeona kosa la sarufi.

4.0 Usanifu na Yale Uliyoyaacha

Nyuma ya malalamiko kuna picha ya tahajia moja safi iliyokuwapo tangu zamani, ambayo sasa inachafuliwa. Historia ya maandishi ya Kiswahili haiikubali picha hiyo.

Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zilikuwa na alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, hivyo katika uandishi wa kimapokeo alama moja iliweza kusomwa *i* au *e*, na nyingine *u* au *o*. Mara nyingi pia nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa, na *mb* ikaonekana kama *b*. Msomaji ndiye aliyejaza pengo, kwa kuwa aliijua lugha na alizijua kanuni za utenzi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa kwa hati hizo kabla ya kuhamishiwa katika hati za Kirumi na kuchapishwa kama *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940. Uandishi unaomtegemea msomaji kurejesha kile ambacho hakikuandikwa haukuletwa na simu.

Usanifu wenyewe ulikuwa uteuzi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia na vitabu. Uteuzi huo ulikuwa na faida kubwa ambazo hakuna haja ya kuzikana. Bila tahajia ya pamoja, makala haya yasingesomeka Zanzibar, Kisumu na Bujumbura kwa urahisi uleule. Lakini kila uteuzi huacha kitu nyuma. Msemaji wa Kimvita hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* mnyama kwa mpumuo wa sauti ya kwanza, kama anavyotofautisha *kaa* la moto na *kaa* wa pwani. Tahajia sanifu haioneshi tofauti hiyo. *Ndia* na *nti* za Mombasa, ambazo zimebeba mashairi makubwa kuliko mengi ya leo, zikawa lahaja, na *njia* na *nchi* zikawa usahihi. Neno lililokuwa sahihi kinywani mwa Muyaka linaweza kupigiwa mstari mwekundu katika insha ya kitukuu chake.

Usanifu pia umejaa mikato iliyosahaulika. *Mtu* ni *mutu* iliyopoteza irabu ya kiambishi chake, na *mutu* bado inasikika katika Kiswahili cha Kongo. *Mwanangu* ni *mwana wangu* iliyobanwa, na *mumewe* ni *mume wake*. *Habari* na *heri* zimelegeza sauti *kh* ambayo wazee wengi wa pwani bado huitamka katika *khabari* na *kheri*. Kama mzee wa namna hiyo angeulizwa, angeweza kusema kwa haki kwamba anayeandika *habari* ameandika matamshi ya mitaani. Leo mwandishi wa *habari* ndiye anayemkemea mwandishi wa *ivo*. Yeye naye anaishi katika nyumba iliyojengwa kwa mikato ya waliomtangulia.

Hapa pana mtego ambao mhakiki anapaswa kuuepuka. Kwa sababu mikato ya jana imekuwa sanifu ya leo, haifuati kwamba kila mkato wa leo utakuwa sanifu ya kesho, wala kwamba unapaswa kuwa. Mingi itapotea pamoja na rika lililoitumia. Historia haitoi ruhusa kwa *xaxa*. Inachofanya ni kumnyima mlalamikaji haki ya kusema kwa jina la usafi wa asili.

5.0 Lafudhi Si Tahajia

Kundi la tatu katika kapu la malalamiko linahitaji kutolewa na kuwekwa peke yake, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Gĩkũyũ haina sauti *l*. Kisukuma kina *l* lakini hakina *r* kama sauti bainifu. Dholuo haina *sh*. Msemaji wa lugha hizi anapojifunza Kiswahili, ulimi wake hutafuta sauti iliyo jirani. Hivyo *kalamu* huweza kuwa *karamu*, *kura* ikawa *kula*, na *shamba* likawa *samba*. Vivyo hivyo, sauti *dh*, *th* na *gh*, zilizoingia kwa wingi pamoja na maneno ya Kiarabu, ni ngumu kwa wasemaji wengi wa bara, nao husema *zambi*, *samani* na *gali*.

Hakuna anayechagua lafudhi kama anavyochagua herufi *x*. Hata hivyo, lafudhi ndiyo inayochekwa zaidi. Huigwa katika vichekesho vya redio na majukwaani, na darasani hupokewa kwa kicheko ambacho mwalimu asiye makini hukiacha kiendelee. Mtoto aliyechekwa kwa sababu ya *r* na *l* hujifunza jambo moja haraka kuliko yote, nalo ni kunyamaza. Anaacha kunyoosha mkono. Miaka ikipita, atasemekana kuwa dhaifu katika Kiswahili, na hakuna atakayekumbuka kwamba alinyamazishwa. Kumcheka mtu kwa lafudhi yake ni kumcheka kwa kulelewa na mama aliyemlea.

Kisa cha *kh* kinafaa kukumbukwa hapa. Kulegeza *kh* kuwa *h* na kulegeza *dh* kuwa *z* ni mambo ya aina moja, kwani katika yote mawili sauti ngeni hupisha sauti iliyozoeleka. La kwanza limekuwa sanifu, na la pili limekuwa alama ya ushamba. Fonetiki peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo. Inaelezwa na swali la nani alilegeza, wapi, na lini.

6.0 Hasara ya Kweli Iko Wapi?

Hadi hapa makala yamepunguza uzito wa malalamiko. Yangeishia hapa, yangekuwa na upendeleo wa upande wa pili. Zipo hasara tatu za kweli, na jambo la kusikitisha ni kwamba kelele za jumla huzificha.

Hasara ya kwanza ni mgongano wa maana. Kiswahili kina jozi za maneno zinazotenganishwa na sauti zilezile zinazolegezwa: *dhana* na *zana*, *thamani* na *samani*, *kura* na *kula*, *mahari* na *mahali*, *haya* na *aya*. Katika mazungumzo, muktadha hutatua mengi. Hakuna atakayedhani kwamba wananchi waliopanga foleni kituoni wamekwenda kula. Lakini katika hati ya urithi inayoorodhesha *thamani* ya nyumba na *samani* za nyumba, kosa la herufi moja linaweza kuleta ugomvi wa ukoo. Hapa mwalimu ana kila sababu ya kusisitiza tahajia. Sababu hiyo atamweleza mwanafunzi kwa jozi kama hizi, kwa kuwa kicheko hakieleza kitu.

Hasara ya pili haitajwi sana, ingawa ndiyo nzito zaidi. Herufi *c* husomeka *si*, na tarakimu *2* husomeka *tu*, kwa yule tu anayejua majina yake ya Kiingereza. Kwa Kiswahili, *2* ni mbili, na *c* haisimami bila *h*. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata watu wengi walijifunza kusoma wakiwa na wajukuu. Walijifunza kusoma Kiswahili, na Kiswahili peke yake. Bibi wa namna hiyo akipokea *ucku mwema* kutoka kwa mjukuu wake, hatakuwa mvivu wala mkaidi akishindwa kuisoma, maana ujumbe umeandikwa kwa ufunguo ambao hakupewa. Kwa hiyo, lawama inayostahili kuelekezwa kwa *ucku* si kwamba inaua Kiswahili. Ni kwamba inamfungia nje msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiingereza, na kumfanya mgeni katika lugha yake. Kwa kipimo hiki, *ntakuja* na *lkn* ni nyepesi kuliko *2takuja* na *ucku*, kwa sababu zile zinategemea Kiswahili chenyewe na hizi zinaazima mlango wa lugha nyingine. Malalamiko ya jumla hayaoni tofauti hii, ilhali ni tofauti ya msingi.

Hasara ya tatu ni ya mwandishi mwenye mtindo mmoja tu. Mshairi anayetumia inkisari anaweza kuandika barua rasmi bila inkisari, na uwezo huo ndio unaoifanya inkisari yake kuwa ruhusa. Mwanafunzi anayeandika *cjui* kwa rafiki na *sijui* katika mtihani ana uwezo uleule. Anayeandika *cjui* mahali pote, kwa kuwa hajapata mazoea ya *sijui*, ndiye anayehitaji msaada, na huyo hatapatikana kwa kuwakemea wote.

Kutokana na hasara hizi, maswali matatu yanaweza kushika nafasi ya hasira. Kwanza, je, msomaji aliyekusudiwa anaweza kulirejesha neno kamili kwa ujuzi wake wa Kiswahili? Pili, je, umbo lililoandikwa linagongana na neno jingine lenye maana tofauti? Tatu, je, mahali palipoandikwa panaruhusu mkato, na je, mwandishi anaweza kuandika bila mkato pakihitajika? Tahajia inayopita maswali haya inaweza bado kumuudhi mtu. Kero hiyo ni haki yake, lakini ni suala la ladha, nalo lisipewe jina la uharibifu wa lugha.

7.0 Hitimisho

Turudi kwa sentensi ya mwanzo: *Mwl cjaelewa xwali la 2, naomba 2onane bdae.* Maswali matatu yanaipata na kasoro mbili. *X* katika *xwali* ni pambo lisilo na nafasi mbele ya mwalimu. Tarakimu *2* imetumika mara mbili kwa masomo mawili, kwanza *pili* na kisha *tu*, na msomaji amelazimika kubadili lugha katikati ya sentensi. Mwalimu ana haki ya kuyasema yote mawili.

Lakini sentensi hiyo ina mambo mengine. *Cjaelewa* ni *si-ja-elewa*, yaani ukanushi wa nafsi ya kwanza pamoja na *-ja-*, inayomaanisha kwamba jambo halijatimia ila bado linatarajiwa. Mwandishi hakusema *cikuelewa*, ambayo ingefunga mlango. *2onane* ni *tu-on-an-e*, yenye kauli ya kutendana na hali ya dhamira baada ya *naomba*, kama sarufi inavyotaka. Sentensi imeanza kwa kumtaja mwalimu kwa cheo chake na ikaendelea kwa kuomba. Chini ya herufi zinazoudhi pana sarufi kamili na adabu kamili.

Pana pia mwanafunzi ambaye hajaelewa swali na amepata ujasiri wa kusema hivyo. Mwalimu atakayemrudishia ujumbe wake ukiwa umesahihishwa tahajia bila kumjibu atakuwa ameilinda herufi *s* na kumpoteza mwanafunzi. Atakayemjibu kwanza, wakaonana hiyo *bdae* iliyoombwa, wakalimaliza swali la pili, kisha akamwomba aandike upya sentensi yake kama vile anamwandikia bibi yake, atakuwa amefundisha Kiswahili.